Jina Chini ya Ukurasa

Mama Kagoya alikuwa amekwisha kukasirika. Mbele ya kibanda chake, upande wa mikeka wa soko kuu la Jinja, kijana mmoja mrefu alikuwa amechuchumaa juu ya rundo la matete. Alichukua moja, akaligonga kwa kucha, akalisikiliza, akalitupa kando. Akachukua jingine.

"Bwana, wewe nanunua ama nacheza?" Mama Kagoya alimuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Matete yote iko sawa! Yote imetoka ziwani jana!"

"Nanunua, mama. Nimepata mawili. Natafuta la tatu."

"La tatu! Watu nanunua mafungu kumi, wewe nataka tatu? Mimi nitakula nini?"

Nyuma yake mtu alicheka. Kijana aligeuka akaona kwanza viatu vya mchuchumio vilivyojaa matope, kisha gauni refu la kitenge cha rangi ya machungwa, kisha mtandio mweupe, na chini ya mtandio uso uliokuwa ukimcheka waziwazi. Mwanamke huyo alikuwa amekumbatia mikeka mitatu.

"Kaka, hilo tete unalinunua au unalioa?"

"La kuoa halichaguliwi kwa haraka, dada."

"Na la kununua?"

"Hili ni la kuandikia. Linahitaji subira kuliko la kuoa."

"Mkeo ana kazi."

"Sina mke."

"Wala sishangai," alisema, na hata Mama Kagoya akasahau hasira zake akacheka.

Jina lake lilikuwa Nulu. Alikulia Walukuba, hapo hapo Jinja, katika nyumba za wafanyakazi, ambako watoto wa makabila yote hugombana na kupatana kwa Kiswahili. Kijana alikuwa Sulait Wamimbi, Mgisu wa Mbale. Alimuuliza mikeka ile ni ya nini, naye akajibu kwamba anakwenda kufungia birika la shaba la Damasko lisikwaruzwe.

Sulait alisimama wima. "Wewe ndiye unayefanya kazi kwa Hajji Jafar?"

"Ndiye mimi. Unamjua?"

"Chakula nilichokula jana ni chake."

Hajji Jafar alikuwa mtu wa kahawa na samaki. Miaka ya vurugu ilimfukuza hadi Jidda, huko akatajirika, na pesa zilipomzidi akaanza kununua vitu ambavyo jamaa zake walivicheka: kurasa za Msahafu zilizoandikwa Harar na Siyu, vigae vya buluu vya Uajemi, zulia la kusalia lililochakaa mahali pa magoti. Aliporudi nyumbani alinunua ghala la zamani la pamba, akalipaka chokaa ili liwe makumbusho, akaandika jina lake juu ya mlango kwa herufi za futi mbili. Jina lilikuwa pia langoni, na ukutani, na kwenye vikombe vya chai. Msimcheke sana. Ni yeye pia aliyegharimia darasa la khati, sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu, kule Nkoma, Mbale, wanafunzi kumi na wawili na karatasi zao na wino wao na chakula chao cha mchana, na hakuna aliyekuwa amemwomba. Sulait ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanafunzi hao.

Mapenzi yao yalilelewa na simu. Simu yenyewe ilikuwa Nabuyonga, Mbale, katika duka la Akeyo, Mjaluo wa Kisumu, kati ya mafuta ya taa na mikate. Kila Ijumaa baada ya swala Nulu alipiga kutoka ofisini kwa Hajji.

"Haloo, Mbale?"

"Mbale ndiyo hii. Ni wewe tena, mama? Ngoja, mtu wako anapangusa viatu mlangoni. Utadhani simu ina macho."

Kisha sauti ya Sulait, ya chini, ya aibu kidogo. "Laazizi."

"Usiniite laazizi mbele ya Akeyo."

"Akeyo ameziba masikio."

"Sijaziba!" alisikika Akeyo kutoka upande wa mikate.

"Leo umeandika herufi gani, mpenzi?" Nulu alimuuliza.

"Waw."

"Na jana?"

"Waw."

"Na wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita nilikuwa najiandaa kuandika waw."

Nulu alicheka hadi akalazimika kuketi. Alipenda ile subira yake, na alipenda zaidi kuitania. Yeye mwenyewe hakuwa nayo hata ya kungoja chai ipoe.

Katika kazi ya khati kuna desturi ya zamani. Mwanafunzi haweki jina lake chini ya alichokiandika mpaka mwalimu wake, kwa mkono wake mwenyewe, aandike chini ya ukurasa maneno ya kumruhusu. Ruhusa hiyo ndiyo ijaza. Aliyeipata ni khatati na anaweza kutia sahihi. Asiyeipata, hata aandike vizuri namna gani, ukurasa wake hubaki bila jina. Sulait alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Minane kati ya hiyo aliipitisha mbele ya Maalim Zubairi wa Nkoma, mzee mwembamba aliyesahihisha kwa wino mwekundu, na ijaza hakuwa nayo.

Haya hakumwambia Nulu. Aliona haya. Mwanamume mwenye ndevu amwambie mchumba wake kwamba bado ni mwanafunzi, na kwamba hana ruhusa hata ya kuandika jina lake? Alinyamaza, akidhani ataipata kesho au kesho kutwa. Mficha uchi hazai, na Sulait aliificha siri hii kwa bidii.

Siku ya kujitambulisha kwa wazazi, Walukuba, wazee walijaa kwenye mikeka na vikombe vikapita. Mzee Asumani, baba yake Nulu, mstaafu wa reli, alimwita bintiye ataje mahari, maana kwa Kiislamu mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Nulu alipiga magoti mbele ya wazee akiwa amevaa gomesi ya zambarau.

"Nataka Sura ya Rahman," alisema, "kwa mkono wake, na jina lake chini."

Wazee walitazamana. "Karatasi?" Mzee Asumani alishangaa. "Mama yako nilimtolea ng'ombe."

"Ng'ombe walikufa, baba."

Watu wakacheka, na mzee akacheka nao. Kisha akamgeukia Sulait na kicheko kikamtoka usoni. "Nimekubali. Lakini ni mwaka mmoja. Mwanamke si mzigo wa kuachwa stesheni."

Hapo ndipo Sulait angesema. Alikuwa na mdomo, na wazee walikuwa wakimsikiliza. Alisema "Inshallah" tu.

Alirudi Nkoma akaandika mchana kutwa. Maalim Zubairi aliikagua kazi, akaondoa miwani.

"Unakimbia. Kuna nini?"

"Ninaoa, Maalim."

"Hongera, mwanangu. Lakini waw yako haina habari ya harusi." Na akaizungushia wino mwekundu.

Miezi ikapita. Sulait alikuwa anazidi kukonda na mkono wake ulikuwa unazidi kuwa mzuri, na mzee aliliona hilo ila hakulisema, maana walimu wa namna yake husifu mara moja tu.

Mwezi wa kumi wa ule mwaka waliopewa, Hajji Jafar alitangaza siku ya kufungua makumbusho yake. Alitaka, kati ya Harar na Damasko, uwepo ukurasa mmoja wa nyumbani. Sulait alimpa Aya ya Kursi aliyoiandika kwa wino wa masizi, juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai na kusuguliwa kwa jiwe mpaka ikang'aa. Chini yake hapakuwa na jina.

Kazi ya Nulu ilikuwa kuandika kadi za maelezo. Aliwahi kupelekwa na Hajji kusomea kazi hiyo Kampala kwa miezi sita, na huko mwalimu wao aliwaonyesha kadi za zamani: ngao, "Wagisu", kikapu, "Wasoga". Kana kwamba kabila zima lilikaa chini likasuka kikapu kimoja. "Kila kitu kina mtu wake," mwalimu alisema. "Mwandikeni." Nulu aliyashika maneno hayo moyoni. Basi alipofika kwenye Aya ya Kursi hakusita. Aliandika kwa herufi zake nzuri kabisa: *Kazi ya Khatati Sulait Wamimbi, Mbale, 1996.* Aliibandika, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama kwa furaha. Hakumwambia. Alitaka aione mwenyewe.

Siku ilipofika, bendi ya magereza ilipiga tarumbeta uwanjani mpaka kunguru wakahama. Wakuu wa polisi walikuja na wake zao. Hajji Jafar alivaa kanzu na koti jipya, akahutubia kuhusu sanaa kwa dakika hamsini, na jina lake mwenyewe akalitaja mara nyingi. Nulu alikuwa ndani ya gomesi ya kijani, mkanda wake ukimeta, macho yametiwa wanja. Sulait alimwona kutoka mbali akasahau alichokuwa akimwambia jirani yake.

Maalim Zubairi aliletwa kwa gari la Hajji kama mgeni wa heshima. Alipita taratibu na mkongojo wake kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kwenye Aya ya Kursi alisimama sana. Aliitazama waw, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika, mkono ukaenda mfukoni mwa kanzu. Halafu macho yake yakashuka kwenye kadi. Aliisoma mara mbili. Mkono ukatoka mfukoni ukiwa mtupu.

"Nirudishe Nkoma," alimwambia dereva, chai ikiwa haijaletwa.

Nulu alimvuta Sulait kwa kiwiko. "Njoo uone! Umeliona jina lako?"

Sulait aliisoma kadi na damu ikamwishia usoni. "Nani ameandika hii?"

"Mimi. Nani mwingine anakupenda hivi?"

Alitoka mbio uwanjani, akipita kati ya tarumbeta, lakini gari lililomchukua Maalim lilikuwa limeondoka.

Aliingia Nkoma jioni. Maalim alikuwa ameketi barazani.

"Karibu, khatati," mzee alisema. "Jina umekwisha kujipa. Kwangu wafuata nini?"

Angesema, "Ni mchumba wangu, hakujua." Lakini kumtaja Nulu aliona ni kumtupia mzigo mtu asiye na kosa, tena kosa ni lake yeye aliyenyamaza. Alinyamaza tena. Maalim aliingia ndani, akafunga mlango.

Jinja, simu ilipigwa Ijumaa ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

"Hayupo," alisema Akeyo.

"Akeyo, namsikia akikohoa."

"Huyo ni mteja, mama. Ana kifua."

Nulu alilia kwa hasira kwanza. Aliamini kwamba jina lilikuwa limempanda Sulait kichwani: amesifiwa na wakuu wa polisi, sasa binti wa fundi reli hamtoshi. Hapana, aliwaambia rafiki zake, mimi sitamwomba mwanamume anipende. Hata hivyo Ijumaa ya tano ilipofika mkono wake ulikwenda kwenye simu.

"Akeyo, niambie tu kama amepata mwingine. Nitakata simu, sitakusumbua tena."

Akeyo alivuta pumzi. "Alinikataza. Lakini mimi sikuapa kitu." Akamweleza yote: ijaza, kadi, mlango uliofungwa. "Na kuna jingine, mama. Juma lililopita mzee amepigwa na kiharusi. Sulait ndiye anamlisha uji."

Kesho yake asubuhi Nulu alikuwa ndani ya basi la Mbale. Walipopita Busiu wauza ndizi walipanga foleni madirishani, wenzake wakanunua, yeye hakuinua kichwa. Aliirudia kichwani kadi ile, neno kwa neno, na kila neno lilimchoma.

Maalim Zubairi alikuwa amelazwa kwenye mkeka karibu na dirisha, upande wa kulia wa mwili wake umelegea. Sulait alikuwa na bakuli mkononi. Alipomwona Nulu mlangoni alisimama, uji ukamwagika.

Nulu alipiga magoti. "Maalim, kadi ile niliiandika mimi. Sulait hakujua. Mimi sikujua desturi yenu. Nilitaka watu wamjue mtu ninayempenda, basi."

Machozi yalimtoka mzee jicho moja. Maneno yake yalitoka yamekunjika, lakini yalieleweka.

"Siku ile... nilikuja na kalamu. Mfukoni. Niliichonga alfajiri. Nilitaka niiandike ijaza pale, mbele ya watu."

Sulait aliweka bakuli chini, akaufunika uso kwa mikono yake miwili.

"Leteni," alisema mzee. "Ukurasa. Wino."

Walimwinua, wakamwegemeza ukutani. Ukurasa wa Sura ya Rahman, ule wa mahari, uliwekwa juu ya ubao mapajani mwake. Kalamu iliwekwa katika mkono wa kulia, vidole vikafungwa juu yake kimoja kimoja. Ilianguka. Wakaiweka tena, ikaburura doa jeusi pembeni mwa karatasi. Mara ya tatu mzee mwenyewe aliusihi mkono wake, "Ewe mkono, herufi chache tu," nao haukumsikia.

"Kwa kushoto, Maalim," Nulu alisema.

"Wa kushoto haujui kitu."

Nulu alimgeukia Sulait. "Basi mshike mkono! Uongoze, aandike."

Sulait aliuchukua ule mkono mkavu ndani ya wake. Ulikaa vizuri, na kalamu ikagusa karatasi. Miaka minane, na mwaka wa mahari uliobakiza siku thelathini, vyote vilikuwa pale. Halafu aliulaza mkono wa mzee juu ya blanketi taratibu.

"Siwezi."

"Sulait!"

"Nikiuongoza, ninajiandikia mwenyewe."

"Amekubali! Umemsikia kwa masikio yako! Mungu amemsikia!"

"Najua. Lakini anayekuja kuusoma ukurasa huu baada ya miaka mia ataamini ni mkono wa Maalim. Nitakuwa nimemdanganya."

"Na mimi?" Nulu alisema. "Mimi nisiyekaa miaka mia?"

Maalim Zubairi alikuwa akimtazama mwanafunzi wake, na nusu ya uso wake iliyobaki hai ilitabasamu. "Nilikufundisha," alisema. "Naona nilikufundisha." Alifariki siku tisa baadaye.

Jioni ya siku ile ya kalamu, barazani, Nulu na Sulait waliketi kwenye ngazi.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Niliona haya. Nilitaka unione mkubwa."

"Nilikuona mkubwa sokoni, ulipokuwa ukigombana juu ya matete matatu." Alipangusa pua kwa mtandio. "Nisamehe, mpenzi wangu. Nilifanya haraka."

"Nami nilichelewa. Nisamehe wewe."

Walisameheana kweli, na waliketi pale mpaka adhana ya magharibi, mikono imeshikana. Ilikuwa saa yao nzuri kuliko zote, na wote wawili walijua haibadilishi kitu: ukurasa ulibaki bila jina.

Hajji Jafar alikuja mazishini akalia kwa sauti bila kujali nani anamwona. Baada ya arobaini alimwita Sulait. Alikuwa amemwandikia khatati mkuu mmoja wa Istanbul, mzee sana, ambaye alikubali kumpokea mwanafunzi mmoja wa mwisho, na mwezi huo huo. Hajji angelipa nauli, chumba na chakula cha mtu mmoja. Huko, anayetoka kwa mwalimu mwingine bila ijaza huanza upya na alifu, herufi ya kwanza. Miaka minne, labda sita.

Mzee Asumani hakuwa mtu mbaya. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na alitaka kumwona bintiye nyumbani kwa mume kabla hajaondoka duniani. "Mwaka umepita na nikaongeza arobaini ya marehemu," alisema. "Nimwozeshe leo, kesho mume apande ndege? Sitamwozesha binti kwa stempu ya posta." Huko Bugembe kulikuwa na mwalimu mmoja aliyefiwa na mkewe, mtu wa heshima, aliyekwisha kutuma wazee mara mbili.

Basi la Mbale kwenda Kampala husimama Jinja dakika kumi. Jumatatu ya safari ya Sulait, Nulu alikuwepo kabla halijafika, katika gauni la kahawia, bila wanja. Sulait alikuwa kiti cha dirishani. Alilifungua dirisha mpaka mwisho.

"Umekula?" Nulu alimuuliza.

"Sina njaa. Baba amemjibu mtu wa Bugembe?"

"Bado. Ananingoja mimi."

"Na wewe unangoja nini?"

"Basi liondoke."

Sulait aliinamisha kichwa, kisha akakitoa dirishani kabisa. "Nulu, sikiliza. Niambie nishuke. Nitashuka sasa hivi na begi langu. Nitamtolea baba yako ng'ombe, mbuzi, chochote. Nitaiacha kalamu. Nitauza mikeka na Mama Kagoya."

Alicheka na kulia kwa pamoja. "Atakufukuza siku ya kwanza."

"Nakwambia kweli. Neno moja tu. Sema 'shuka'."

Dereva alipanda akawasha injini. Utingo aligonga ubavu wa basi mara mbili. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Nulu, alilihisi kwenye ulimi. Alimpenda kuliko alivyowahi kumpenda, na alijua kwamba akilitamka atampata: atakuwa naye mezani na kitandani, na kila asubuhi atamwona akiitazama mikono yake isiyo na kazi. Aliwahi kumharakisha mara mbili, kwa kadi na kwa mkono wa Maalim.

"Kaa," alisema.

"Nulu..."

"Kaa hapo hapo, laazizi. Usishuke."

Sulait alikaa. Basi lilitoka kituoni, likapinda kushika barabara ya darajani, na mkono wake ulibaki nje ya dirisha mpaka lilipopotea.

Nulu alibaki amesimama pale pale, hata utingo wa basi jingine akamwambia, "Nyabo, mama, unazuia njia." Akaomba radhi, akasogea.